Mtamba Wako na Neno "Keep"

Kijiji cha Masieda,
Mbulu.
8 Juni 2025

Mpendwa Shangazi Marieta,

Shikamoo. Habari za Mtwara na za kazi yako wodini? Ule mguu uliokuwa ukikusumbua umepona? Sisi hatujambo. Bibi anakohoa asubuhi tu, na mahindi tumeanza kuvuna.

Nimepangiwa kidato cha tano Singida. Natakiwa kuripoti mwezi ujao.

Ujumbe wako kuhusu yule mtamba mwekundu, mtoto wa ng'ombe uliyetuachia tukutunzie, ulifika kwenye simu ya Baba. Najua huwa unaniandikia Kiingereza ili nijizoeze. Uliandika, "Keep her." Baba aliniuliza maana yake, nikamwambia, "Kaeni naye."

"Tukae naye kama wa Marieta au kama wetu?" Bibi akauliza.

Kwetu maziwa ni ya anayetunza, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Baba alielewa kwamba umetupatia, akasema tumuuze mnadani nipate godoro, sare na nauli. Kaka Marko akacheka: "Golikipa naye si ni keep hiyohiyo? Anadaka mpira, lakini haendi nao nyumbani!" Baba akamwambia, "Wewe nenda kachunge." Ila tangu siku hiyo hajataja mnada.

Nilimwuliza Mwalimu Evaline. Alisema neno hilo ni kutunza, ni kufuga, ni kuendelea na jambo, ni kutimiza ahadi. Darasani wakiongeza "quiet", ni kunyamaza. Ukimwambia mwenye duka "keep" kuhusu chenji, imekuwa yake moja kwa moja. Nikamwuliza maana yako wewe ni ipi.

"Hiyo haipo kwenye kamusi, Belinda. Anayo shangazi yako."

Baba alitaka nikupigie. Niliona kwa simu utasikia kama tunaomba, nawe utaona vigumu kukataa. Barua hii anakuletea Restituta, muuguzi wa Hospitali ya Haydom anayehamia huko Mtwara.

Safari hii naomba unijibu kwa Kiswahili. Kama ni wako, andika "mtunzeni". Sitanung'unika, Marko amesema nichukue godoro lake. Kama ni wetu, andika "wenu".

Bibi na Baba wanakusalimu sana. Wasalimie wanao Violeth na Kenneth.

Kwa sasa mtamba yuko zizini, anakula vizuri. Maana hiyo tuna uhakika nayo.

Mungu akutunze, Shangazi. Mwalimu anasema hata hapo Kiingereza hutumia neno hilohilo.

Mwanao akupendaye,
Belinda