Mama anadhani nachapa barua, kumbe nakausha nguo kwa upepo

Shangazi Anjelina, shikamoo. Ninachokuandikia sijapata kumwambia mtu yeyote, hata kwa padri kwenye kitubio nilikiruka, kwa sababu sikujua nikiite dhambi gani. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, nipo kidato cha tatu, naishi Kikuyu hapa Dodoma na mama yangu ambaye ni katibu muhtasi serikalini, na tangu utoto ni mwoga wa kusema, nikiulizwa swali darasani kwa Kiingereza jibu linanijia baada ya kengele, na kwa Kiswahili ni vilevile.

Mwezi wa pili mama aliniandikisha kwenye kituo cha kompyuta cha Bwana Masudi nijifunze kuchapa kwa vidole kumi, kila siku baada ya shule, maana anasema siku hizi serikali inapunguza watu na watakaobaki ni wanaojua kompyuta. Wiki mbili za kwanza nilichapa kweli, herufi zilezile mpaka nikaziota. Halafu siku moja Bwana Masudi akaenda kuswali, nikaiona CD aliyokuwa akiwekea kikombe cha chai, ilikuja na zile kompyuta zilizotumika kutoka Ulaya, nikaifuta, nikaiingiza. Shangazi, humo ndani kuna gemu kama sitini, wala si za bunduki na magari kama zile wavulana wanazogombania. Kila moja imetengenezwa na mtu mmoja tu, chumbani kwake, na ameiwekea kijibarua. Kuna moja wewe ni konokono, ukiingia kwenye nyumba uliyoibeba unakuta vyumba na vyumba, na katika chumba cha mwisho kuna konokono mwingine amelala, basi, imekwisha, hakuna pointi wala mshindi. Kuna nyingine wewe ni upepo. Upepo, Shangazi! Kazi yako ni kukausha nguo kwenye kamba, ukivuma sana shuka linaruka linaangukia tope, ukivuma kidogo jua linazama nguo bado mbichi, na mimi ninayeujua upepo wa hapa wa mwezi wa sita, unaofunua mpaka mabati, nilicheka peke yangu kama kichaa. Aliyeitengeneza ameandika kwamba ukiipenda mtumie postikadi tu. Kumbe mtu anaweza kukaa chumbani kimya, bila kunyoosha mkono wala kusimama mbele ya darasa, akatengeneza upepo ukafika mpaka Dodoma.

Halafu kuna ya babu aliyesahau anakokwenda. Unamwandikia maneno naye anajibu, unamkumbusha taratibu mpaka afike kwake. Ilikuwa ya Kiingereza, ila niligundua maneno yake yote yamekaa kwenye faili moja unaloweza kulifungua, nikayageuza Kiswahili kwa siku tisa, na pale pa kusalimia nikaweka kwamba bila shikamoo babu hafungui mdomo. Nikamwita Tereza, dada anayefagia kituo, katokea kijijini upande wa Mtera na hajawahi kugusa kibodi. Akaandika "babu unaenda wapi". Kimya.

"Mbona ananinyamazia huyu?"

Nikamwambia, "Wewe kwenu unamwanzaje mzee?"

Akafikiri, akaandika shikamoo kwa kidole kimoja, babu akajibu, "Marahaba, mjukuu wangu. Wewe ni wa nani?" Tereza alidondosha ufagio. "Mama wee! Huyu ana adabu kuliko Masudi!" Shangazi, tangu nizaliwe sikuwahi kumshangaza mtu.

Sasa shida ni hii. Mama alipita dirishani siku nipo kwenye upepo, akasikia vitufe vinavyolia, kioo cha kompyuta hakukiona. "Mwanangu, hiyo spidi! Kama mvua kwenye bati!" Nikatabasamu tu. Vilikuwa vitufe vinne, vile vya mishale. Mama akaenda kumsifia bosi wake, Bwana Silvano, kwamba binti yake anawashinda watu wa masjala, na kwa kuwa Bunge la bajeti linaanza na ofisi imezidiwa, nimepangiwa Jumatatu ya kwanza ya likizo nikachape mbele yake. Mama ameshanishonea sketi. Nikisema ukweli nitatolewa kituoni, na babu wangu wa kwenye kompyuta naye atafutwa, nisiposema mama ataaibika mbele ya ofisi nzima. Naomba unijibu gazetini, Bwana Masudi hulinunua Ijumaa mchana nitalisoma pale, ila mama naye huja na lake jioni na akishavua viatu huanza na ukurasa wako, kwa hiyo tafadhali nifiche vizuri. Na usiniambie gemu ni za watoto, kwa sababu mimi naona hizi ni kama mtu amekufungulia mlango wa nasikia viatu vya mama ukumbini ngoja nifiche hi

SHANGAZI ANJELINA ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako imenifikia imekunjwa mara nane na sentensi ya mwisho haina mkia. Uliificha, lakini baadaye ukaituma hivyohivyo. Hapo umenifurahisha. Kwingine ngoja nikukaripie.

Mama yako anaona wenzake wanapunguzwa kazini, anakutafutia kinga, wewe unamtabasamia. Uongo wa kimya nao ni uongo. Kosa lako ni lile tabasamu, wala si upepo.

Maana upepo wako nimeupenda. Mchezo pekee ninaoujua mimi ni bao, lakini nilipofika kwa babu anayengoja shikamoo niliweka kalamu chini. Nikamuuliza fundi wetu wa kompyuta hapa gazetini kama mwanafunzi asiyefundishwa anaweza kuyafanya hayo. Akaniuliza, "Huyo mtoto yuko wapi?" Umesikia? Acha kujiita mwoga. Mwoga hampi babu wa watu lugha mpya.

Una siku kumi. CD irudishe kwa Bwana Masudi kwa mkono wako, umweleze mwenyewe, na kabla ya hapo mnakili babu kwenye disketi mbili, moja akae nayo Tereza. Kisha vidole kumi, kila siku, babu baadaye. Hutafikia mvua kwenye bati. Utafikia manyunyu, na Bwana Silvano aambiwe mapema kwamba ni manyunyu. Aambiwe na mama yako, akiwa ameshaambiwa na wewe. Halafu mkalishe mama mbele ya babu, usimfundishe aandike nini. Na yule wa upepo mtumie postikadi yake, Kiingereza juu na Kiswahili chini, ajue upepo wake umefika wapi.

Uliniomba nikufiche. Jina lako nimelificha, na ya wengine nimeyabadili. Mvua kwenye bati nimeiacha kwa makusudi, na mwenye maneno yake atayatambua. Wewe unayasoma haya mchana kwa Bwana Masudi, yeye atayasoma jioni. Katikati hapo una saa chache, zinatosha. Nenda nyumbani. Ukisikia viatu ukumbini, safari hii usifiche kitu. Mfungulie mlango wewe, useme kabla hajavivua. Na uanze na shikamoo. Bila hiyo, unajua mwenyewe, hata babu hafungui mdomo.