Koku Amejifunga Mwenyewe

Rugera, Jumanne, Novemba 1954

Mvua imeanza tangu asubuhi na haijakatika. Baba Koku ametoka nayo hivyo hivyo, bila koti, na sijui amekwenda wapi. Naandika nisije nikapiga kelele.

Mwanangu Kokugonza ana miaka sita na hutumia mkono wa kushoto. Ndivyo alivyozaliwa. Tangu tulipomaliza kuvuna kahawa, kila tukiketi kula, baba yake humfunga mkono huo mgongoni kwa kamba ya mgomba. Hamchapi. Humfunga taratibu, akimbembeleza: "Ukimpa mtu mzima kitu kwa kushoto watasema hukulelewa. Nakusaidia, mwanangu."

Nimemsihi aache. Nimelia mbele yake. Hasikii.

Kisha Koku akaanza kigugumizi. Mtoto aliyekuwa akiimba kutwa nzima, kusema "maji" kukawa kunamtoa jasho. Siku hizi hasemi kabisa, anaonyesha kwa kidole tu.

Leo mchana nilipoipua ndizi na maharage, alikuja akiwa ameshajifunga. Fundo alilikaza kwa meno kabla ya kuupeleka mkono mgongoni. Nyuzi za kamba zilikuwa bado zimemganda mdomoni.

Hakuna aliyemwambia.

Baba yake akatabasamu. "Unaona, Mama Koku? Ameelewa."

Mama mkwe wangu, ambaye huwa haingilii mambo yetu, akasukuma chakula chake kando. "Hata wewe ulijifunga hivyo hivyo," akamwambia mwanawe. "Na baba yako alifurahi kama unavyofurahi wewe. Tangu hapo hukusema tena sawasawa."

Miaka yote ya ndoa yetu nilidhani kigugumizi kinachomshika mume wangu akikasirika amezaliwa nacho.

Akasimama. "Mi-mi-mimi..." Neno la pili halikuja. Koku alikuwa akimtazama mdomoni, na midomo yake ilichezacheza, kama anataka kumsaidia baba yake alitoe. Baba yake aliliona hilo. Ndipo alipotoka.

Nikajua basi, yamekwisha. Nikamfungua mtoto. Akaangua kilio, akaiokota kamba chini, akanisukumia mkononi.

"Fu-fu-funga, mama."

Kwa siku nyingi nimeomba nisikie sauti yake. Nimeisikia.

Sikumfunga. Amelia mpaka amechoka, sasa amelala kitandani kwa bibi yake, mkono wa kushoto ameulalia ili mtu asiuone. Bibi yake amekaa pembeni, hanitazami.

Mvua ikikatika kesho nitampeleka Nyakahanga kwa mama yangu, Baba Koku akubali asikubali. Huko hakuna wa kumfunga.

Lakini nani atamzuia asijifunge mwenyewe?