Rangi Juu ya Ukungu

Jumatatu, 4 Machi

Ukungu umeongezeka chumbani kwa mpwa wangu. Ulianza kwenye kona ya dirisha, kama alama ya kidole. Sasa umeshuka hadi kitandani, mweusi, unanuka gunia lililolowa. Mtoto anakohoa mpaka anauegemea ukuta — na ukuta wenyewe ndio adui.

Dada kampigia simu mwenye nyumba. Sisi humwita Bwana Kesho, maana kila jambo kwake ni kesho. Kasema ukungu ni uzembe wa mpangaji, tufungue dirisha, tusianike nguo ndani. Dada kamjibu, nguo gani? Bomba la bafu la ghorofa ya juu ndilo linalovujia ukutani. Basi, atakuja Alhamisi ajionee.

Nimemwambia dada aniachie mimi. Unyevu naujua. Enzi zangu nilikausha ghala zima kwa feni moja, meneja akalia machozi.

Dada kasema, "Kaka, mwaka jana ulipotusimulia, hilo ghala lilikuwa stoo."

Nimemsamehe. Ana mawazo.

Jumanne, 5 Machi

Mtoto hakwenda shule. Daktari kasema dawa atatoa, lakini akiendelea kulala mle ni kutia maji kwenye pakacha. Tumemhamishia sebuleni, ninapolala mimi.

"Mjomba, bora ukungu kuliko kukoroma kwako."

Kacheka. Kisha kikohozi kikamkaba, kicheko kikaishia hapo.

Jumatano, 6 Machi

Kesho mgeni. Nyumba haipokei mgeni kabla haijanawa uso. Dada alikuwa kazini. Nikatafuta msasa, nikasugua weusi wote, nikapaka rangi nyeupe mara mbili. Mafundi wa mji huu wangekuja kupiga picha. Ukuta unang'aa kama sahani!

Dada karudi, kasimama mlangoni, mkoba bado begani. Hakusema neno. Kazi nzuri humfunga mtu mdomo.

Alhamisi, 7 Machi

Bwana Kesho kaja kweli. Kaupapasa ukuta.

"Mama, ukungu uko wapi?"

Dada kanitazama. Ndipo nikaelewa ukimya wa jana.

"Na hii rangi nani kapaka? Safi hivi."

Mdomo wangu nao. Nikasema ni mimi, fundi, kazi kama hizi nafanya nimefumba macho. Bwana Kesho katabasamu. Basi vizuri, kasema, mna fundi ndani, unyevu ukirudi mtajitengenezea wenyewe. Kashika kitasa aondoke.

Mtoto kakohoa sebuleni. Mfululizo, bila kupumua katikati.

Nikachukua kisu cha mezani, nikakwangua. Rangi ikatoka kama ngozi, plasta ikafuata, laini kama uji. Nyuma yake weusi ule ule. Nikamwambia, mzee, mimi si fundi, nimefunika tu.

"Sasa hivi ulikuwa fundi, sasa si fundi. Nikushike lipi? Pengine ukuta wangu umeuharibu wewe."

Dada hakubishana naye. Kasema, twende juu, tufungue maji ya bafu, kaka abaki hapa ashike ukuta, aite ukilowa.

Wamepanda. Mkono wa kushoto uko kwenye plasta, wa kulia unaandika, maana nikikaa bure nitapasuka. Juu mlango umefunguliwa. Maji yanatoka, nayasikia.

Baridi inakuja chini ya kiganja. Sasa ni tone. Linashuka kwenye kiwiko.

Nimeita. Bwana Kesho kauliza kutoka juu, "Kweli, au yale yale yako?"