Kuhusu Mkono wa Shemeji

Dada yangu mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe na wapwa wangu. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenihama. Shemeji anaendeleaje? Kidonda kimeanza kukauka? Anakula, au bado anasukuma sahani pembeni? Niliposikia kwamba humsemeshi mumeo siku ya tatu sasa, nilikaa chini nikashika kichwa. Ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningedanganya.

Karakanani kazi zimerudi. Ile mashine ya kukunja mabamba, yenye rola tatu za chuma nene kama nguzo, ilioshwa siku ileile, na baada ya siku mbili ilikuwa inazunguka. Tuna oda ya mapipa mazito ambayo wakulima huyakokota nyuma ya trekta kusawazisha udongo. Mahali pa shemeji amewekwa mchomeleaji mmoja mcheshi, anaiita mashine "mama mkwe", eti ukiisogelea lazima uwe na adabu. Wenzangu wanacheka. Mimi nainamia kazi.

Najua ulichoambiwa. Msimamizi aliandika kwamba shemeji alivaa glavu karibu na rola, jambo lililokatazwa, zikanaswa, kwa hiyo ni uzembe wake. Glavu alivaa, sikatai. Kingo za yale mabamba ni kali kama wembe, sote tulizivaa. Lakini dada, mashine ile imezungushiwa kamba ya usalama, usawa wa magoti. Ukiipiga teke inavuta swichi, rola zinasimama papo hapo. Imewekwa kwa ajili ya mtu aliyenaswa mikono.

Nilikuwa upande wa pili, napokea bamba. Nilimwona akiipiga teke ile kamba, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Rola hazikusimama. Akapiga kelele nizime, nikakimbilia swichi kubwa ya ukutani. Nilipoifikia, rola zilikuwa zimeshapita kiwiko.

Swichi ya ile kamba niliikaza mimi, dada. Wiki moja kabla, kiatu changu kilikuwa kinaigusa kamba kila mara, kazi inasimama, msimamizi ananifokea mbele za watu. Nikaifunga swichi kwa kipande cha waya ili isishtuke. Sikumwambia mtu. Na walipokuwa wanampakia shemeji kwenye gari, nilirudi ndani na koleo, nikaukata ule waya, nikautia mfukoni.

Nilipokwenda kumwona hospitali, aliwatoa watu kwanza. Akaniambia, "Nilikiona kile kiwaya. Nyamaza. Dada yako ameshapata mume kilema, asipate na mdogo mfungwa."

Nikanyamaza. Wewe ukamnunia yeye.

Jana asubuhi nilimweleza msimamizi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema faili limefungwa, nirudi kwenye mashine nisimcheleweshee oda. Sikurudi. Nimeandika yote na kumpelekea mkaguzi wa kazi, na kile kiwaya nimemkabidhi. Keshokutwa ananihoji.

Msemeshe mumeo, tafadhali. Ila haya usimwambie kabla sijahojiwa, maana namjua, atajikokota na bendeji zake kuja kunizuia.

Wasalimie watoto. Wakiuliza mjomba anakuja lini, wajibu utakavyoona wewe.

Ni mimi, mdogo wako.