Mafuta Yaliyomo Kwenye Chupa ya Gwantwa

Mpendwa Mama Nesta,

Naomba msaada, na nianze na nilichoficha: kwenye chupa ya mafuta ya jua ya mjukuu wangu Gwantwa hamna mafuta ya jua, mna mafuta ya alizeti, ya kukaangia, na aliyeyatia humo ni mimi.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi Itaka, wilayani Mbozi, na moyo wangu umechoka kiasi kwamba daktari amenishauri nisihangaike kununua mbolea ya msimu ujao. Gwantwa ana miaka sita na ana ualbino, na juu ya hilo mwili wake unahisi vitu kwa ukali kuliko wetu, lebo ya shati kwake ni mwiba, kofia akivishwa anaitupa, ukimgusa kwa ncha za vidole anajikunyata, lakini anaweza kushinda kwenye kichanja cha kuanikia kahawa akichota punje kwa viganja na kuziachia huku akizisikiliza, na kichanja cha kahawa, kama unavyojua, hakiwekwi kivulini. Mama yake, binti yangu Atupele, anauza vitenge Tunduma, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili, na akiondoka huniachia chupa na kusema, "Baba, mafuta usisahau."

Shida ni kwamba nikimpaka yale ya mama yake, ambayo ni ya baridi, meupe na yananata, mtoto hulia hadi jirani yetu Yunisi huja kuuliza nani amefariki, lakini mafuta ya alizeti anayapenda, yananukia jikoni, basi nikamimina yale nikatia haya, na yale yaliyobaki nikapaka bawaba za mlango, ambazo mpaka leo hazijaungua na jua hata kidogo. Atupele akipiga simu huuliza, "Umempaka mafuta?" nami hujibu, "Nimempaka mafuta," na kwa sarufi hakuna kosa. Siku moja alikamua kidogo akashangaa, "Mbona mepesi hivi?" nikamjibu, "Vitu vya siku hizi," jambo ambalo nalo ni kweli. Nilijiambia pia kwamba huku Mbozi ni baridi, jua letu linakuja na upepo, haliwezi kumchoma mtu, ingawa nimesoma vya kutosha kujua kwamba upepo hauzuii jua.

Sasa Gwantwa ana kidonda sikioni kisichopona, na midomo imepasuka, na Jumapili iliyopita Atupele alimtazama akasema, "Baba, haya mafuta yamemkataa. Nampeleka Tunduma, atakaa chumbani nimefunga mlango, nitafanyaje?" Nikinyamaza ataondoka na mtoto pamoja na chupa yangu, na nikifa hakuna atakayejua kilichomo, nikisema hataniachia mtoto tena hata kwa muda huu mfupi niliobakiza, na sina mwingine wa kuniita babu. Nifanye nini? Tafadhali usitaje jina langu.

Mzee wa Itaka


Mzee wangu, shikamoo.

Jina nimelificha, ingawa kama Yunisi anasoma gazeti hili kazi yangu ni bure. Pole kwa moyo. Pole yangu inaishia hapo.

Umefundisha watoto wa watu kutofautisha maneno, halafu wewe mwenyewe ukajificha nyuma ya neno moja. Mafuta aliyouliza binti yako siyo uliyoyajibu, na ulijua. Ngozi ya Gwantwa haina kinga yake yenyewe. Kuipaka mafuta ya kukaangia na kuiweka juani, hayo ni mapishi.

Usingoje Jumamosi. Mpigie Atupele leo, kabla hujanywa chai, na useme "mafuta ya alizeti", maneno yote matatu. Kidonda kikaonwe hospitali wiki hii hii. Kidonda cha ngozi kisichopona, kwa mtoto kama huyu, hakisubiriwi. Kama atakuachia mtoto tena sijui. Hilo ni lake kuamua, na wewe ulikuwa unamwamulia.

Sasa mtoto. Umeandika mwenyewe kwamba anachukia ncha za vidole, basi ziweke kando. Pasha mafuta viganjani kwanza, kisha tumia kiganja kizima, kwa uzito, bonyeza na kuachia, usisugue. Mwache akupake wewe kwanza, halafu ajipake mwenyewe, mgongo wa mkono tu, na kesho aongeze kidogo. Fuata mpangilio uleule kila siku, kabla hajatoka nje, na mpake tena akikaa nje sana. Akiyakataa kabisa, waulizeni kliniki kama wana yasiyonata. Shati liwe la pamba, mikono mirefu, lililofuliwa likalainika, lebo ikatwe. Ikibidi avae ndani nje ili mishono isimguse, na majirani wakicheka, wacheke. Kofia ishonwe kwa kitenge ambacho yeye mwenyewe hupenda kukishika. Mama yake anavyo tele.

Na hiyo kahawa, mzee: chota beseni moja uiweke barazani. Anachopenda ni punje, si jua. Mwambie na Atupele, ili asimfungie mtoto chumbani kwa kosa la babu.

Jambo la mwisho. Umeandika kwamba ukimpaka "hulia". Hukuandika umejaribu mara ngapi. Usinijibu mimi. Mjibu mama yake.

Mama Nesta


Mzee alitumiwa jibu hili kwa simu kabla ya kuchapishwa. Ameomba tuongeze ujumbe wake:

Nimemwambia, maneno yote matatu. Akasema, "Baba, nilimgombeza nesi aliyenipa hiyo chupa, kwamba mafuta yake ni mabovu." Kesho yake alikuja, akainusa, akaenda na mtoto hospitali, na kabla ya kutoka akaniuliza swali lako lilelile, nilijaribu mara ngapi. Nilimjibu, na wasomaji wako nawajibu.

Niliandika "hulia". Hiyo ni hali ya mazoea, na ni kosa ambalo ningemkata mwanafunzi alama. Sahihi ni "alilia". Alilia siku ya kwanza, na mpaka jioni hakutaka kunishika kidole. Sikujaribu tena.