Ngozi ya Siti Niliyoikalia Bila Kuuliza

Jumapili, saa kumi jioni. Jua kali, upepo wa vumbi, na mimi naandika nimesimama. Dada mwenye kafe ya intaneti amenisogezea kiti mara mbili, nikamwambia asante dada, niko sawa.

Siko sawa.

Jana nimeendesha gari kutoka Buigiri, kijijini kwa wakwe, mpaka kwangu Chang'ombe mjini nikiwa nimekalia springi tupu. Hakuna shimo la barabara ile ambalo mwili wangu haulikumbuki. Ngoja nieleze kabla muda niliolipia haujaisha.

Mke wangu Neema ana mimba ya miezi minane, ya kwanza. Hajaniomba kitenge wala beseni jipya. Anachotaka ni mama yake awepo siku ya kujifungua, basi. Mwezi mzima huu, kabla hata chai haijaiva, ananiuliza, "Umeongea na mama?" Nikisema bado, anageukia jiko, na mgongo wake huo unaniuma kuliko kama angenitukana.

Na mama mkwe alishaapa kwamba hapandi gari langu.

Kosa ni la siti. Mimi ni dereva wa teksi. Shirika letu lilipobinafsishwa nikawa miongoni mwa waliopunguzwa, na kiinua mgongo chote nikakitia kwenye gari dogo, mtumba wa Japani. Lilikuja na siti za kitambaa. Jamani, kitambaa kitamu! Hata saa saba mchana unakaa unasinzia. Ila kitambaa hakisahau kitu. Abiria akimwaga maziwa Jumatatu, Ijumaa mwingine anakuuliza kama humu ndani unafuga mbuzi. Vumbi letu nalo likajaa mle, ukiipiga siti kofi hamuonani. Mwaka wa pili kikaanza kuchanika chenyewe.

Nikahamia reksini, ile ngozi bandia ya plastiki, nyekundu, ya kung'aa. Fundi Salumu wa Makole, ambaye kazi yake ni kushona siti za magari tu, aliniambia reksini haifi. Kweli haifi. Unamwagikiwa soda, unapangusa, yamekwisha. Anayekufa ni mkaaji.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, gari likiwa limeshinda juani, nilimpakia mama mkwe siti ya nyuma. Alipokaa alipiga yowe watu wakatoka madukani. Alipotaka kushuka, paja limenata. Sasa mimi ni mkwe, na kwetu mkwe hata kumtazama mama mkwe usoni ni aibu. Nilisimama pale sijui nimvute au niite watu.

Nilikimbia. Hapa sijidanganyi, nilikimbia nikajificha nyuma ya duka la mafuta ya taa mpaka wanawake wakambandua.

Tangu hapo salamu zake zilikuwa moja: "Mwambieni sipandi kikaango." Tukamwambia aje kwa basi. Akajibu kwamba mtu mwenye mkwe mwenye gari haji kwa basi kama asiye na watu. Gari hataki, basi hataki, na tumbo la Neema halisubiri mtu.

Nikarudi kwa Fundi Salumu. Akaniambia dawa ni ngozi halisi. Haiunguzi kama reksini, hainywi maziwa kama kitambaa, na ukiipaka mafuta itakuzika wewe na gari lako. Nikauliza bei ya ngozi ya kiwandani, nikacheka kwa hasira. Mimi Mgogo, nimezaliwa katikati ya ng'ombe, ninunue ngozi iliyopanda meli? Nikamwagiza shemeji yangu Yona, mdogo wake Neema, anitafutie huko huko kijijini.

Siku ya tatu Yona huyo, na gunia. "Shemeji, hii imekandwa kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Mjini huipati." Nikaishika. Laini, nzito, ina manyoya mafupi ya kahawia. Sikuuliza imetoka wapi. Mimi, mtu ambaye fungu la nyanya nauliza bei mara tatu!

Fundi Salumu aliinusa. "Kaka, hii imeshatumika."

Nikamwambia ngozi zote zimeshatumika, ng'ombe ndiye mtumiaji wa kwanza. Nikacheka peke yangu.

Tukavalisha siti ya nyuma, ya mama. Hapo ningeishia, leo ningekuwa nimekaa kama binadamu wengine. Lakini kipande kikubwa kilibaki, nami tamaa ikanishika. Nikasema na dereva ni mtu. Fundi akakigandisha kwa gundi juu ya sponji la siti yangu, na wiki nzima nikaendesha kama waziri. Haiunguzi, hainati, haitelezi. Tabu ni mbwa tu. Popote nikiegesha, wanakuja kukaa pembeni ya gari wanalitazama kwa heshima.

Jana asubuhi nikafika Buigiri. Nikaegesha kivulini, nikasimama mbali, nikaamkia, "Shikamoo mama," macho chini. Akaitikia akiwa amegeukia ukuta, kama ilivyo adabu. Niliiba jicho kidogo. Mkononi alikuwa ameshika furushi, limefungwa tayari! Kumbe alikuwa anataka kuja siku zote, anasubiri tu siti.

Akasogea kuchungulia ndani. Akakagua nyuma. Akakagua mbele.

Akaweka furushi chini.

Kwenye siti yangu, katikati kabisa, pale mtu anapokalia, palikuwa na kiraka kidogo cha duara. Mimi nilidhani ni kidonda cha ng'ombe. Kumbe ni tundu la kaa la moto alilolishona mama mkwe kwa mkono wake. Ngozi ile ilikuwa malazi yake, aliyoyalalia miaka yote kabla watoto hawajamnunulia godoro. Alikuwa ameikunja, ameihifadhi darini. Yona akaona haina kazi, akaniletea bila kumwambia.

Mkwe hakalii hata kigoda cha mama mkwe. Mimi nimekalia malazi yake wiki nzima, huku nikipiga miluzi.

Yona alikimbilia zizini. Mimi safari hii sikukimbia. Majirani walikuwa wameshajaa, kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Mama hakunisemesha. Alimsemesha kuku aliyekuwa anapita.

"Kuku we, hebu niulizie huyo mtu. Kwao hawana ngozi?"

Nikapiga magoti kwenye vumbi. Nikaahidi mbuzi wa faini, nikaahidi wawili, nikaahidi kurudi kijijini kuomba radhi na wazee wangu wote. Maneno yakaniishia. Ndipo nikasema la kweli: "Mama, Neema anakulilia. Nilitaka usiungue tena." Hayo nikayasema mbele ya majirani wote. Aibu juu ya aibu.

Hata waliokuwa wanacheka waliacha.

"Kuku," mama akasema taratibu, "mwambie alete kisu."

Nilikata kipande cha siti yangu mwenyewe, na gundi ya Fundi Salumu, Mungu amlipe, ikang'oka na sponji lote. Mama akakipokea kupitia kwa jirani, akakikung'uta, akakikunja kifuani. Akaokota furushi lake, akapanda nyuma, akaketi juu ya ngozi yake, akajiweka sawa. Kuku alikuwa ameondoka, kwa hiyo akauambia mlango wa gari: "Neema nilimzalia juu ya ngozi hii. Inakwenda, nami nakwenda."

Mimi nikakalia springi. Nani angethubutu kuomba hata gunia katika nyumba ile?

Basi kwa faida ya madereva wenzangu: kitambaa ni raha lakini hakidumu, reksini inadumu lakini haina huruma, na ngozi inashinda vyote, mradi uulize kwanza nani alikuwa anailalia. Siti ya nyuma naanza kuifumua kesho, ngozi irudi kwa mwenyewe. Mbuzi wawili wa faini nao lazima watafutwe. Hilo halina mjadala.

Jana tulipofika, Neema alitoka mbio na tumbo lake lile, nikapiga kelele asikimbie, hakunisikia. Wakashikana pale mlangoni. Nikajifanya nakagua tairi.

Leo asubuhi nilikuwa uani nikawasikia chumbani. Mama anasimulia kwa Kigogo, tangu kiraka mpaka kuku, na Neema anacheka mpaka anamwomba anyamaze, tumbo linauma. Wakachungulia dirishani, wakaniona ninavyotembea, wakaanza upya.

Sijamsikia mke wangu akicheka hivyo tangu mimba iingie. Wanicheke mpaka wachoke. Mama yake amekuja.