Miwani Yako Ninayo Mimi

Mpendwa mume wangu, Baba Somoe,

Tulifundishwa kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu ni kwako. Mimi si mzima, na hofu ni kwako vilevile. Silali, na jana nilimgombeza Somoe kwa sababu tu alikuwa anaimba.

Najua barua hii huwezi kuisoma mwenyewe. Miwani yako ninayo mimi, imefungwa kwenye pindo la khanga yangu, na bila miwani wewe hutofautishi herufi na sisimizi. Kwa hiyo nimeiandika barua ya wazi, bila bahasha, ili yeyote atakayeipokea huko kijijini akusomee. Wewe unayesoma, ndugu yangu, shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndiye mkubwa, marahaba. Mtafute mchonga vinyago mrefu, mwenye kovu la patasi kwenye kidole gumba, umketishe, umsomee yote bila kuruka. Hata yale ya aibu. Na ikiangukia mikononi mwa mkubwa wa kijiji, aisome pia, kwa maana na yeye ana maneno yake humu.

Baba Somoe, unakumbuka siku miwani ilipovunjika mara ya kwanza? Uliikalia mwenyewe kwenye kigoda, ukasimama, ukaitazama, kisha ukamlaumu paka wa jirani yetu Mama Chiku. Ilikatika katikati, pale panapokaa puani, ukabaki umeshika jicho la kulia mkono huu na la kushoto mkono ule. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nilidhani ni jambo la kwenda mjini na kurudi.

Tukatoka hapa Temeke, tukaenda mjini. Hospitali wakasema vioo vyako ni vizima, tushukuru, ila fremu wao wenyewe wamezisahau. Tukazunguka Kariakoo mpaka viatu vikaomba radhi. Tukaishia kwa yule mzee wa Kiarabu mwenye duka hapa mtaani, ambaye siku zote alikuwa na kitu chini ya meza.

"Miwani?" alisema. "Mwanangu, mie hata kiberiti sina. Nina siki na majembe. Unataka jembe?"

Ukamwambia jembe halikai masikioni. Akacheka, akatukatia kipande cha plasta ya kidonda. Plasta hiyo jasho lako likaibandua kabla wiki haijaisha.

Halafu mtu akakwambia ulimbo wa fenesi unashika kuliko gundi ya dukani. Kweli ulishika. Ulishika fremu, ukashika nyusi zako, ukashika vumbi lote la mpingo, ukamshika na nzi mmoja ambaye sijui alikuja kutafuta nini usoni pa mtu. Nilikusafisha kwa mafuta ya nazi huku unanung'unika kwamba namaliza mafuta ya kupikia. Baada ya ulimbo ukaja waya wa shaba ulioutoa kwenye redio iliyokufa, ukakuchana pua. Baada ya waya ukaliyeyusha chanuo langu kwa kisu cha moto, chanuo la pekee nililokuwa nalo, nyumba ikanuka plastiki kutwa nzima. Mama Chiku akipita na sinia lake la mihogo akakuuliza, "Fundi, si unachonga watu wazima wazima kwenye mti? Miwani tu ndiyo inakushinda?"

"Mama Chiku, kinyozi hajinyoi," ukamjibu.

Hapo bado tulikuwa tunacheka. Kicheko kiliisha siku mwenyekiti wa ushirika wenu wa wachongaji alipokuja nyumbani na kinyago chako kimefungwa gazetini. Ulikuwa umechonga mama amembeba mtoto, na jicho moja la yule mama lilikuwa limeshuka mpaka shavuni. Mwenyekiti hakukulaumu, na hilo ndilo lililoniogopesha. Alikwambia tu, "Fundi, pumzika kidogo. Macho yakikaa sawa, rudi." Tulielewa wote wawili. Siku hizi asiye na kazi mjini ni mzururaji, na wazururaji wanapakiwa kwenye malori wakalime vijijini. Hukuogopa kulima, maana umezaliwa Newala na jembe ulilishika kabla ya patasi. Uliogopa kupelekwa mahali usipopaona.

Ndipo ukasema utachonga fremu ya mpingo. Lakini ili uione kazi ya kuchonga miwani, ulihitaji miwani. Ulikaa na fumbo hilo asubuhi nzima, vioo viwili kwenye kiganja, mpaka ukaniita. "Mama Somoe, njoo unishikie jicho."

Hapa namwomba anayekusomea apunguze sauti.

Ulikaa kizingitini, kipande cha mpingo umekibana kwa nyayo, patasi mkononi. Mimi nikapiga magoti mbele yako, nikakushikia kioo kwa vidole viwili mbele ya jicho la kulia. "Karibu kidogo. Rudi. Hapohapo. Usiheme, unakitia ukungu." Nikajifunza kubana pumzi. Ukitazama nabana, ukipuliza vumbi nahema. Tulikuwa hatujakaa karibu hivyo mchana tangu siku za harusi. Niliona mvi kwenye nyusi zako ambazo sikuwa nazijua, na niliona jinsi unavyong'ata ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama Chiku akapita, akasimama, akatua sinia chini kabisa.

"Nyie! Mchana kweupe, mlangoni?"

"Tunatengeneza miwani," ukasema bila kugeuka.

"Haya. Siku hizi inaitwa miwani."

Nilitikisika kwa kicheko, ukakosa pa kupiga, fremu ya kwanza ikapasuka. Hukukasirika. Ulichukua kipande kingine, ukaniambia tuanze tena, na nakwambia leo, mbele ya huyo anayesoma, kwamba nilifurahi ilipopasuka. Nilitaka tuanze tena.

Ya pili ilikubali. Ulichimba kifereji ndani ya kila duara, ukavikalisha vioo, ukaipiga msasa, ukaipaka mafuta. Ilikuwa nyeusi tititi, nzito kidogo, na ilikupendeza kuliko ile ya hospitali. Mikono ya kushika masikio uliichonga pia. Kilichokosekana ni vijipini vya kuiunganisha mikono hiyo na fremu. Ukasema unakwenda Keko kwa fundi wa makufuli, hatakosa kitu. Nikasema nikusindikize.

"Keko? Naijua hata nikifumba macho."

Ukavaa shati. Ukachukua kadi yako ya ushirika mezani, maana mtu mwenye kadi ya kazi hashikwi, ukaitia mfukoni, miwani ukaniachia mimi, ukatoka.

Mezani palikuwa na kadi mbili, Baba Somoe.

Mama Chiku ndiye aliyeona yaliyotokea sokoni. Mgambo walikusimamisha, wakataka kitambulisho cha kazi. Ukawapa kadi bila wasiwasi, hata ukaongeza, "Isomeni vizuri." Ilikuwa kadi ya kliniki ya Somoe. Mmoja wao akaisoma kwa sauti, kilo za mtoto na chanjo ya surua, watu wakaangua kicheko, na mkubwa wao akadhani unamfanyia dhihaka. "Kumbe umeshachanjwa. Haya, panda lori." Mama Chiku alipiga kelele kwamba wewe ni mchongaji, kwamba huoni tu. Wakamuuliza kama na yeye anataka kupanda. Kadi yako ya ushirika niliikuta chini ya sahani, pale ulipoiacha.

Nimekukasirikia sana. Nimekasirika kwamba ulikataa nikusindikize, nimekasirika na hiyo "isomeni vizuri" yako, na nikishakasirika vya kutosha nalia mpaka Somoe ananiletea khanga nyingine ya kujifutia. Anadhani ile ya kwanza imejaa.

Nimekwenda ofisi zote nilizoelekezwa, kadi mkononi, miwani kwenye pindo. Nilifika hadi Ukonga nikidhani labda wamekufunga, na Mungu anisamehe, nilitamani iwe hivyo, kwa sababu gereza angalau lina mlango wa kubisha. Hukuwepo. Ofisi nyingine karani aliiomba miwani aione. Akaishikilia usoni, akanitazama, akasema, "Mama, mbona nakuona wawili?" Wenzake wakacheka. Nikamwambia, "Mume wangu haoni hata mmoja." Akanirudishia. Akasema nije kesho. Kesho yake hakuwepo.

Nilikuwa nimeanza kukulilia kama maiti. Kisha juzi alirudi mtu mliyepanda naye lori moja. Jina lake silitaji. Ametembea kutoka huko, na miguu yake sitaki kuielezea. Nilimpa uji, akanywa, ndipo akasema.

"Shemeji, mumeo yuko hai. Yuko Rufiji, ng'ambo ya mto. Ila anapalilia mahindi."

"Si ndiyo kazi waliyowapelekea?"

"Hapana, shemeji. Anang'oa mahindi, anaacha magugu."

Sikujua nicheke au nipige ukunga. Alisema mara ya kwanza walikucheka. Mara ya pili bwana shamba aliona mstari mzima umelala, akasema hii si bahati mbaya, ni hujuma. Umeonywa kwamba ikitokea tena utafunguliwa kesi ya uhujumu. Mkubwa wa kijiji, kama ni wewe unayesoma, nakuomba kwa jina la mama aliyekuzaa: huyu mtu si mhujumu. Mche wa mahindi na jani la gugu kwake ni ukijani uleule. Mpe kuni apasue, mpe mpini wa jembe auchonge, kazi ya kupapasa hakuna atakayemshinda. Usimpe shamba mpaka miwani ifike.

Na yule mtu aliniambia jambo jingine, ndilo lililonikalisha kuandika. Alisema na wewe unangoja mto upungue uvuke, urudi nyumbani kwa miguu. Baba Somoe! Wewe? Mto ule una mamba, na kwako gogo na mamba ni kitu kimoja. Tangu nisikie hivyo nikifumba macho nakuona unalisogelea gogo.

Miwani imekamilika. Fundi wa makufuli hakuwa na kijipini, hakuna aliyekuwa nacho. Nikaishika mikono ile ya mpingo mpaka nikakumbuka kwamba puani mwangu mna kipini, kile mama yako alichonivisha nilipoolewa. Kilikuwa hakijatoka tangu siku hiyo, nilikitoa kwa sabuni na machozi. Kimeingia mkono wa kulia barabara, nikakigonga kichwa kwa kisigino cha patasi yako ndogo. Wa kushoto nimeutilia sindano iliyokatwa. Naikunja, naikunjua, haitetereki.

Nimempata dereva anayepakia mbolea Kurasini kupeleka upande huo. Barua hii ataibeba. Miwani nimemnyima, kwa maana barua ikipotea nitaandika nyingine, miwani ikipotea basi tena. Nilimwomba anibebe mimi. Akasema barabarani kuna vizuizi, asiye na kibali cha safari anashushwa. Kibali nimekiomba, nimeambiwa nieleze safari ni ya nini, nimeeleza, wamesema hiyo si sababu. Nikamuuliza dereva, "Sasa nani anayefika huko bila kibali?"

"Waliokamatwa," akasema, akacheka.

Mie sikucheka.

Msako unapita tena sokoni kesho kutwa. Yule aliyerudi anasema malori ya Temeke yote yanashusha hukohuko mlikoshushwa. Basi nitakwenda sokoni bila kadi, bila kikapu, mikono mitupu, na nitazurura. Wakiniuliza kazi yangu, nitasema sina. Wakiniuliza kwetu, nitasema sina. Somoe atabaki kwa Mama Chiku, ambaye tangu nimwambie hanisemeshi, lakini ameshaleta mkeka wa mtoto kwake. Najua naweza kukosea. Wanaweza kunipeleka Morogoro, wanaweza kunifungua pindo na kuitupa, wanaweza kuniona nina mume na mtoto wakanifukuza nirudi nyumbani nikapike. Nimeyafikiria yote hayo. Sijaona njia nyingine, na ningekuwa na akili zaidi ya hii ningeitumia.

Kwa hiyo wewe unayemsomea, hapa rudia mara mbili. Usivuke mto. Usitoroke, Baba Somoe, hata ukipewa mwenzi wa njiani, hata mvua ikikatika. Tukipishana, wewe ukiwa njiani unarudi na mimi niko ndani ya lori nakuja, tumekwisha. Kaa hapohapo ulipo. Tukanwa, chekwa, pasua kuni, lakini kaa.

Somoe anakuamkia. Anasema nikuulize kama huko kuna paka.

Lori la wapya likifika, usihangaike kutazama nyuso, utajiumiza bure. Simama peke yako mahali pa wazi, uniite kwa sauti, na wakikucheka endelea kuniita. Nitakuona mimi.

Mkeo,
Mama Somoe